Sauti Nne Kwenye Kadi ya Kliniki

Asteria alikuwa na watoto wanne na daftari moja la nyimbo, na asubuhi moja daftari likaishia jikoni. Restituta, binti yake wa kwanza, mtoto wa miaka tisa, aliamka akakuta kuni zimelowa, akatafuta karatasi ya kuwashia moto, akaliona lile daftari chini ya mkeka. Asteria aliporudi kutoka ziwani na ndoo kichwani, chai ilikuwa tayari.

"Mama, leo nimewasha moto mwenyewe!" Restituta alisema, uso umemchanua.

Asteria akatua ndoo. Alitazama mafigani, akaona jalada la daftari limejikunja jeusi, nota zake bado zinasomeka kwa mbali juu ya majivu. Upepo wa ziwa ukapita, na nota nazo zikaenda. Akamtazama mtoto.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema, na chai akainywa yote. Ndipo akaenda nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo, akalia kilio kifupi cha mtu mwenye kazi nyingi, akajipangusa kwa pindo la kanga, akarudi kuanika usipa, dagaa wa ziwa lile.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupandisha malori yao hadi Maguu, juu milimani, na kijana aliyevuna vizuri ulimjua kwa redio ya kaseti aliyobeba begani. Huku chini ufukweni Mbaha nako muziki ulikuwa haukauki: dukani, kwenye mitumbwi, kwa fundi cherehani. Nyimbo za Asteria peke yake ndizo zilizokuwa hazijawahi kusikika nje ya kichwa chake.

Alizaliwa huko huko Maguu. Baba yake, mzee Bernadi, alikuwa katekista, na ukutani kwao kulitundikwa ubao aliouandikia nota za kwaya: d, r, m, f, mistari minne minne, kila sauti na mstari wake. Asteria alisoma nota kabla hajajua kusoma barua. Tena tangu utotoni wimbo ulipomjia haukuja kama mtu mmoja anayeimba. Walikuja wanne kwa pamoja, wa juu wawili na wa chini wawili, kila mmoja na njia yake. Alidhani watu wote wako hivyo. Siku moja wakiwa wanachuma kahawa alimuuliza dada yake, "Kwako wewe, besi huwa anaanza pamoja na wengine au huwa anachelewa?" Dada yake akaenda kumwambia mama kwamba Asteria ana homa. Tangu hapo hakumuuliza mtu tena.

Akaolewa na Erasmo, mvuvi wa Mbaha, akashuka ziwani. Wakaja watoto: Restituta, Nazari, Edina, na huyu wa mwisho, Placidi. Katika kila mimba Asteria alijiambia kwamba sasa basi, nyimbo zitakoma, maana nafasi ya kuziweka iko wapi? Hazikukoma. Zilikuja mikono ikiwa ndani ya unga wa muhogo, zikaja mtoto mmoja yuko ziwani anaoga na mwingine kamwaga uji. Nyingine alizikariri mpaka jioni, nyingine zikampita kama ndege anayekatiza uwanja. Zile alizozikamata ndizo alizokuwa ameziandika katika lile daftari.

Sasa alitafuta mahali ambapo karatasi haiguswi. Humo ndani karatasi zilizoheshimiwa zilikuwa za aina moja tu, kadi za kliniki za watoto. Zilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, zimetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na hata Nazari, aliyekuwa akichezea kila kitu, alijua kwamba ukigusa pale utachapwa.

Placidi alipofika miezi mitano alishikwa na kikohozi. Siku ya tatu mbavu zake zikawa zinazama kila anapovuta pumzi. Erasmo na Asteria wakapanda naye milima kwenda hospitali ya Litembo, wakipokezana kumbeba, na njia nzima wakisikiliza kama bado anahema. Erasmo ilimbidi arudi kwa watoto waliobaki. Asteria akakaa wodini siku kumi na mbili, na katika siku hizo kichwa chake kilikuwa kimya. Hakukuwa na wimbo. Kulikuwa na pumzi ya mtoto tu, inaingia, inatoka, naye anaihesabu.

Siku ya kumi na tatu waliruhusiwa. Aliteremka pamoja na wanawake wawili wa Maguu waliobeba maharage kwenda kubadilishana na usipa. Placidi alikuwa mgongoni amelala, amevishwa sweta la mtumba lililomfika magotini. Walipofika pale mlima unapokatika na ziwa linapofunuka lote kwa mara moja, Asteria alisimama.

Alikuwa amelitazama ziwa lile kila siku kwa miaka kumi. Leo lilikuwa limetanda mpaka linashikana na mbingu, na usingeweza kusema maji yanaishia wapi. Mgongoni alisikia kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka, bila mkoromo, bila kukwama. Ndipo wimbo ukamjia, haukuja kipande kipande kama siku zote. Ulikuja mzima, mwanzo wake na mwisho wake, sauti zote nne, kama mtu aliyefunguliwa mlango akakuta nyumba imejaa watu wanamsubiri. Besi walishika nota moja ndefu, tulivu, na juu yake wengine wakawa wanaingia na kutoka:

Pumzi iingie, pumzi itoke,
yote ni yako, Bwana, yote ni yako.

Akafumba macho palepale njiani. "Dada, unaumwa?" mmoja wa wale wanawake akauliza.

"Siumwi. Tangulieni, nitawakuta."

Akakaa juu ya jiwe. Kalamu alikuwa nayo, ameichomeka nyweleni tangu siku alipotia sahihi wodini. Karatasi hakuwa nayo isipokuwa kadi ya Placidi. Akaifungua. Upande wa kushoto palikuwa na vidoti vya uzito, vinapanda, vinashuka, vinapanda tena. Upande wa kulia miraba ilikuwa mitupu, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, hadi mtoto afike miaka mitano. Asteria aliitazama ile miezi ambayo mwanawe alikuwa hajaiishi bado. Kisha akaandika, kwa nota ndogondogo, mpaka miaka yote mitupu ikajaa.

Mwezi uliofuata akampeleka Placidi zahanati kupimwa. Siku ya kliniki kina mama walikaa kwenye mabenchi na chini ya miembe, na mizani ilining'inia barazani. Nesi alikuwa mgeni, Ottilia kwa jina, amehamishwa kutoka Mbinga mjini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alipokea kadi moja moja, akaweka kidoti, akarudisha. Ghafla kalamu yake ikasimama.

"Nani mama Placidi?"

"Mimi, nesi."

"Njoo hapa." Nesi Ottilia aliinua kadi watu wote waione. "Kadi hii ni mali ya serikali na ni maisha ya mtoto. Wewe umeifanya daftari? Tazama! Mwaka wa pili wote umejaza michoro. Mtoto huyu akitimiza mwaka mmoja nitamwandika wapi? Ukutani?"

Kina mama wakacheka. Asteria akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa ameogopa kitu hicho hicho, kwamba amechukua nafasi ya mwanawe akaiweka ya kwake, na sasa kimesemwa hadharani. "Nisamehe, nesi," akasema. "Sikuwa na karatasi nyingine."

Lakini nesi alikuwa ameishusha kadi na kuisogeza karibu na macho. Paji la uso likakunjamana. Midomo ikaanza kucheza. Kisha, polepole, bila kujua kwamba watu wanamsikia, akaanza kuimba mstari wa pili.

"Hizi ni nota," akasema.

"Ndiyo, nesi."

"Mimi niliimba sauti ya pili miaka kumi na moja." Alirudi mwanzo akaimba tena, safari hii kwa sauti kamili. Akakata. "Hapa wa kwanza wanafanya nini? Hebu imba sauti ya kwanza."

Asteria aliimba kwa woga, macho chini. Nesi akaingia na ya pili. Sauti zao mbili zikagusana pale kwenye neno "yako", na Asteria akainua macho ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia kitu cha kichwani mwake kikimjia kwa masikio.

"Besi yuko wapi?" nesi akauliza, akigeuka kutazama mabenchi kana kwamba amepoteza mgonjwa. "Nani ana sauti nzito hapa?"

Kina mama wakatazamana. Mwisho wa benchi alikaa bibi Marselina, Mwanglikana, aliyemleta mjukuu wake kwa kuwa mama yake yuko shambani. Alikuwa na sauti nzito kama ya mwanamume, na ujanani mwake walikuwa wakimcheka kwa ajili hiyo. "Nipe hiyo nota," akasema. Asteria akampa. Bibi Marselina akaishika chini kabisa, bila kuyumba, na benchi alilokalia likatetemeka kidogo.

Wengine wakagawana sauti ya kwanza na ya tatu. Nesi aliwafundisha mstari kwa mstari kama anavyofundisha kuchemsha maji, akimsimamisha kwa mkono anayekosea. Saa nzima hakuna mtoto aliyepimwa. Halafu akasema, "Sasa wote," akainua kidole.

Wakaimba. Wanawake thelathini na kitu, wengine na mtoto titini, wengine na mtoto mgongoni, Wakatoliki kwa Waanglikana, miguu yao ina mchanga na magamba ya samaki. Kichanga mmoja aliyekuwa ameachwa ananing'inia kwenye mizani alikuwa analia. Akanyamaza, akawa anageuka taratibu, anatazama. Asteria hakuimba. Hakuweza. Alisimama katikati ya baraza ameweka mkono mdomoni, na sauti zote nne zikampitia, nje na ndani, hakuna tofauti. Zilikuwa vile vile alivyozisikia, halafu zikawa zaidi, kwa sababu kichwani kulikuwa hakuna kikohozi cha bibi Marselina, wala pumzi za watoto wale, wala lile jambo la kushangaza kupita yote, kwamba watu hawa waliweza kuimba tofauti na wakawa wamoja.

Walipomaliza hakuna aliyecheka. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi huku akisema ni jua.

Nesi Ottilia akaingia ndani, akatoka na kadi mpya. Akaketi, akahamisha vidoti vyote vya Placidi, mwezi kwa mwezi, akampima, akaongeza kimoja juu, kwenye rangi ya kijani. "Hii ya mtoto," akasema. "Na hii kuukuu ni ya kwako. Usiniletee tena hapa. Ila kwanza niachie niinakili. Mwalimu Bartholomayo lazima aione."

Mwalimu Bartholomayo alikuwa amefundisha kwaya ya parokia miaka thelathini. Alifika siku ya tatu, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akamkuta Asteria ufukweni ameinamia vichanja vya usipa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akatoa karatasi mfukoni. "Mama, wimbo huu umeunakili wapi?"

"Sikuunakili, mwalimu."

"Sitaki kukuvunjia heshima. Lakini tena huyu, huyu wa sauti ya tatu aliyeandikwa hapa, mtu hawezi kumwandika hivi kwa bahati."

"Mwalimu, usipa ukiunguzwa na jua upande mmoja hauuziki. Nitageuza huku tunaongea."

Basi wakaongea hivyo, yeye anageuza, mwalimu anamfuata kichanja kwa kichanja. Mwalimu akaimba mstari alioutunga hapo hapo, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia. "Nipe sauti yake ya tena."

Asteria akampa, mikono haikusimama.

"Besi."

Akampa. Placidi akaanza kulia mkekani. Akanawa mikono, akamwinua, akamfunga mgongoni, akaendelea na besi palepale alipokuwa ameikatia.

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Akavua miwani. "Mimi," alisema taratibu, "kuweka besi ni kazi ya wiki nzima. Kalamu, kifutio, na bado nakosea. Wewe unazitoa wapi, mama?"

"Sizitoi, mwalimu. Zinakuja zenyewe. Kazi yangu ni kutafuta mahali pa kuzilaza, kama watoto."

Mwalimu akaamua wimbo ule uimbwe kwenye sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wake, siku ambayo kwaya za Litembo na Maguu zingeshuka, na Asteria mwenyewe aufundishe. Mazoezi yakawa Jumatano na Jumamosi alasiri. Jumatano ya pili mvua ikanyesha bila taarifa. Asteria alikuwa kanisani, Restituta alikuwa na wadogo zake mtoni, na usipa wote wa siku ile ukaloa, ukaoza.

Erasmo hakupiga kelele. Alisimama mbele ya vichanja akaushika ule uozo mkononi. "Mama Resti," akasema, "mimi nashinda majini. Nikirudi nataka nikute mtu nyumbani. Hilo tu."

"Nitaacha," Asteria akajibu.

Akaacha kweli, wiki mbili. Nyumba ilikuwa safi, usipa ulikauka vizuri, na nyimbo ziliendelea kuja vilevile, ila sasa alizifukuza kama kuku waliovamia unga. Akawa mkali. Alimchapa Edina kwa kuvunja kibuyu, halafu akakaa naye chini wakalia wote wawili.

Jumatano ya nne, saa nane mchana, bibi Marselina alitokea ufukweni akiwa na kina mama sita wa kliniki. Hawakumwuliza Asteria kitu. Bibi akamwendea Erasmo aliyekuwa anashona nyavu.

"Baba Resti, usipa wa nyumba hii siku za Jumatano na Jumamosi ni wetu. Tutaugeuza, tutauanua, na mvua ikija tutaukimbiza ndani. Watoto nao ni wetu. Una neno?"

Erasmo aliwatazama wale wanawake saba, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kugeuza. "Sina neno, bibi," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Nenda. Utachelewa."

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa, watu wakasimama mpaka nje. Asteria alisimama mbele ya kwaya tatu zilizounganishwa, watu zaidi ya themanini, Placidi akiwa na dada yake Restituta kwenye benchi la mbele. Padri alipomaliza kugawa komunyo, Asteria akainua mkono. Wakati huo huo Placidi akalia, kilio cha njaa ambacho Asteria alikijua, kisichobembelezeka. Mkono wake ulibaki hewani. Alimtazama mwalimu Bartholomayo, na mwalimu akasogea mbele akainua wa kwake. Asteria akamchukua mtoto, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Kwa hiyo aliusikia akiwa nje. Alikaa kwenye msingi wa kanisa, mtoto titini, na ukuta aliouegemea ukaanza kuvuma. Besi thelathini walikuwa humo ndani. Juu yao sauti zikaingia, zikatoka kwa madirisha, zikapita juu ya vichwa vya watu waliosimama uani, na watu wakaacha kuzungumza mmoja mmoja. Dereva wa lori lililoleta kwaya ya Litembo alikuwa ameegemea boneti, redio yake inapiga dansi. Akanyoosha mkono, akaizima. Asteria alishikwa na hofu, hofu nzuri, kama ya mtu aliyejifungua akaletewa mtoto akaona ana vidole vyote. Je, ni mimi? alijiuliza. Kitu kikubwa hivi kilipita wapi?

"Mama," dereva akamwita kwa sauti ya chini, "hii kwaya ina kaseti? Naitaka."

"Haina."

"Mtunzi ni nani, nikamwulizie Songea?"

"Ni mimi."

Dereva akamtazama, akaona mtoto ananyonya, akageuza macho upesi. "Samahani, mama. Mtoto akishiba, naomba uniandikie jina lake huyo mtunzi."

Asteria akacheka mpaka Placidi akaachia titi kumtazama.

Walirudi nyumbani jua linaelekea kushuka, watoto wametangulia wakikimbizana. Erasmo alitembea kando yake akimtazama, hadithi zake za kila siku za nyavu amezisahau. Alikuwa amekaa kanisani kati ya wanaume, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia wimbo ule. Walipofika kijitoni akasimama.

"Mama Resti. Kile kitu cha leo. Wewe huwa unakisikia hivyohivyo? Wote wale?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo."

"Hata tukiwa tunakula?"

"Hasa tukiwa tunakula."

Erasmo akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Alimtazama mkewe kama mtu aliyelala miaka kumi karibu na maporomoko ya maji bila kujua ni nini kinachovuma. "Na mimi muda wote huo," akasema, "nakaa nakupigia hadithi za nyavu."

"Besi huwa anakusubiri umalize," Asteria akamwambia, akamshika mkono wakavuka.